Jaji na Kibanja cha Ukoo

Liko swali moja ambalo watu wa Marekani wamebishana juu yake tangu walipoiandika Katiba yao mwaka 1787, na hata leo hawajalimaliza. Swali lenyewe ni hili: sheria ikionekana kuwa mbaya, ni nani mwenye haki ya kuibadili? Je, ni majaji wachache walioketi mahakamani, au ni wananchi wenyewe kwa vinywa vya wabunge wao? Huenda msomaji wa Ijumbi akadhani kwamba hayo ni mambo ya watu wa mbali, yasiyomhusu mtu mwenye migomba yake na mibuni yake. La hasha. Swali hilohilo lilipanda ngazi kutoka mahakama ya mwanzo wilayani Muleba hadi Mahakama Kuu ya Mwanza, nalo lilihusu kitu ambacho hakuna Muhaya asiyekijua, yaani kibanja cha ukoo.

Tuanze na Wamarekani, maana wao wameliona jambo hili pande zake zote, tena kwa gharama kubwa. Wako kwao watu waitwao wahafidhina. Kwetu neno hilo hutumiwa mara nyingi kama tusi, kana kwamba mhafidhina ni mtu aliyelala usingizi wakati wenzake wakisafiri. Lakini shina la neno ni hifadhi, na mwenye kuhifadhi si lazima awe mpumbavu. Wahafidhina hao wasema kwamba maneno ya Katiba yana maana ileile yaliyokuwa nayo siku yalipopitishwa. Jaji akiyatia maana mpya kwa kuwa maana hiyo yampendeza, basi amejifanya mtunga sheria bila kuchaguliwa na mtu yeyote, wala hapana kura ya kumwondoa. Msemaji mkuu wa hoja hiyo katika siku zetu alikuwa Antonin Scalia, mtu Mkatoliki, aliyekuwa jaji wa Mahakama ya Juu tangu mwaka 1986 hadi alipofariki mwaka 2016. Mwaka 2002 aliandika kwamba jaji anayeamini kuwa adhabu ya kifo ni uovu yampasa ajiuzulu, wala asiipotoshe sheria ili aitulize dhamiri yake. Ni neno gumu hilo. Hata wasiokubaliana naye hawana budi kukiri kwamba halina unafiki.

Chanzo cha uchungu wao chajulikana. Januari 1973, majaji saba kati ya tisa waliamua kwamba Katiba yampa mwanamke haki ya kutoa mimba, ingawa neno hilo halimo katika Katiba hiyo. Kwa siku moja sheria za majimbo mengi zikaanguka, na wananchi waliokuwa wakijadiliana katika mabunge yao wakaambiwa kwamba mjadala umekwisha. Haukwisha, ulihamia barabarani na katika kila uchaguzi, ukakaa huko miaka 49. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama hiyohiyo iliufuta uamuzi ule. Wakatoliki wengi walifurahi, lakini yafaa kuangalia vizuri kilichofanyika. Majaji wa mwaka 2022 hawakukataza kutoa mimba. Walilirudisha jambo kwa wananchi wa kila jimbo. Na wananchi wa Kansas, jimbo lenye wahafidhina wengi, walipopiga kura mwezi wa Agosti mwaka uleule, walikataa kuiondoa kinga ya haki hiyo katika katiba ya jimbo lao. Wale wa Ohio mwaka 2023 waliiandika wenyewe katika yao. Basi anayesema "waachieni wananchi" na ajue tangu mwanzo kwamba wananchi waweza kumjibu asivyopenda.

Tena iko sura nyingine ya historia yao ambayo wahafidhina hawapendi kukumbushwa. Mwaka 1857 Roger Taney, Mkatoliki wa kwanza kuwa Jaji Mkuu wa Marekani, alitoa hukumu kwamba mtu mweusi hawezi kuwa raia wa nchi ile, na alijitetea kwa hoja hiyohiyo, kwamba yeye aisoma Katiba kama walivyoikusudia walioiandika. Ilihitajika vita, na baada ya vita maneno mapya yaliyotiwa katika Katiba mwaka 1868, kwamba hakuna jimbo litakalomnyima mtu yeyote ulinzi ulio sawa wa sheria. Hata hivyo mwaka 1896 majaji waliruhusu ubaguzi uendelee, wakautafutia jina zuri, mpaka wenzao walipoukataa mashuleni mwaka 1954. Hapo mhafidhina huulizwa: kama majaji wasingethubutu mwaka 1954, mtoto mweusi wa Mississippi angelingoja bunge gani? Lile la jimbo lake lilichaguliwa na watu waliomzuia baba yake asipige kura. Swali hilo tuliweke akiba, maana tutalihitaji tutakapofika nyumbani.

Na sasa tufike nyumbani.

Mwanamke mmoja wa wilaya ya Muleba alirithi kibanja cha ukoo kutoka kwa baba yake, kwa wosia ulio halali. Alipozeeka, akiwa hana mtu wa kumtunza, alikiuza kibanja hicho tarehe 24 Agosti 1988 kwa shilingi 300,000, na aliyekinunua hakuwa mtu wa ukoo. Kesho yake mpwa wake alifungua shauri, akidai kwamba mauzo ni batili, kwa kuwa kwa mila ya Wahaya mwanamke hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya mwanzo ilimkubalia, ikaamuru shangazi yake arudishe fedha. Mahakama ya wilaya ikaupindua uamuzi huo kwa kutaja haki za msingi zilizomo katika Katiba. Mpwa akakata rufaa. Likawa shauri la rufaa namba 70 la mwaka 1989, mbele ya Jaji James Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza.

Sheria aliyoitegemea mpwa haikuwa maneno ya wazee tu. Iliandikwa katika Tangazo la Serikali namba 436 la mwaka 1963. Tangazo hilo lasema kwamba mwanamke aweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo. Hiyo hupewa aitumie maisha yake, asiiuze. Na ikiwa hakubaki mwanamume yeyote katika ukoo, ndipo airithi kabisa. Mwanamume aliyeuza ardhi ya ukoo bila idhini hakufungwa hivyo: watu wa ukoo waliweza kuikomboa kwa kumrudishia mnunuzi fedha yake, basi.

Tarehe 22 Februari 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni hiyo yambagua mwanamke na yapingana na Katiba. Tangu siku hiyo mwanamke na mwanamume wawe na uwezo mmoja. Ardhi ya ukoo ikiuzwa na yeyote kati yao, ukoo waweza kuikomboa kwa bei iliyolipwa. Mpwa aliambiwa kwamba akikitaka kibanja, atoe shilingi 300,000 zilezile. Watu wengi waliosifu hukumu hiyo waliipita sehemu hii ya mwisho upesi, na wengi walioilaumu hawakuisoma kabisa. Jaji hakuuvunja ukoo. Aliuachia haki yake ya kukomboa, akaondoa tofauti ya shangazi na mpwa.

Kabla ya kumpongeza jaji, haki yataka tuitetee mila kwa nguvu zake zote, maana kuishinda hoja dhaifu si ushindi. Kibanja si bidhaa kama gunia la kahawa. Ndani yake yamo makaburi ya wazee, na aliyezaliwa humo ajua mgomba upi ulipandwa na babu. Edmund Burke, mbunge wa Uingereza aliyeandika mwaka 1790 kuhusu mapinduzi ya Ufaransa, alifundisha kwamba jamii ni mapatano kati ya waliokufa, walio hai, na watakaozaliwa. Wahafidhina wa Marekani humtaja kama baba yao, nao hulazimika kueleza kwa kurasa nyingi maana ya fundisho hilo. Mzee wa Ijumbi hahitaji maelezo. Akitazama nje ya mlango wake awaona wote watatu. Kama kila mmoja angekuwa huru kuuza kwa mgeni anapoona shida, baada ya vizazi viwili ukoo ungekuwa jina tu.

Mtakatifu Thomas wa Akwino naye aungana na wazee kwa sehemu. Afundisha kwamba kubadili sheria, hata kwa kupata iliyo nzuri zaidi, kwenyewe kuna hasara, kwa sababu watu hutii sheria zaidi kwa mazoea, na mazoea yakikatwa nguvu ya sheria yapungua. Kwa hiyo sheria isibadilishwe ila faida iwe kubwa na ya wazi, au ile ya zamani iwe na udhalimu ulio dhahiri. Mtu asikie maneno yote mawili, lile la kwanza na lile la pili.

Na Biblia yenyewe yajua shauri la kibanja. Mabinti watano wa Selofehadi, baba yao akiwa amekufa bila mtoto wa kiume, walisimama mbele ya Musa na kuhani na wakuu wote, wakauliza kwa nini jina la baba yao lipotee kwa kuwa hakuwa na mwana. Musa hakuwajibu kwamba mila ndivyo ilivyo. Alilipeleka shauri kwa Mungu, na jibu lilikuwa kwamba wamesema haki, wapewe urithi. Mahubiri mengi huishia hapo. Lakini kitabu cha Hesabu chaendelea: wakuu wa ukoo wao nao walikuja wakilalamika kwamba mabinti hao wakiolewa na kabila jingine, ardhi itahama pamoja nao. Nao pia walisikilizwa! Mabinti waliamriwa waolewe ndani ya kabila la baba yao, ili ardhi isihame. Haki ya binti haikufutwa, wala hofu ya ukoo haikudharauliwa. Mtu akiisoma hukumu ya mwaka 1990 baada ya kuzisoma sura hizo mbili, aona ya kwamba jaji wa Mwanza, kwa kuuachia ukoo haki ya kukomboa, alitembea katika njia iliyo jirani sana.

Hata hivyo hoja ya Scalia haijajibiwa bado. Uamuzi waweza kuwa mzuri na ukatolewa na mtu asiyehusika. Je, jaji alikuwa na haki ya kuutoa?

Wanaompinga wana ushahidi. Haki za msingi ziliingizwa katika Katiba yetu mwaka 1984. Ibara ya 13, inapoeleza maana ya ubaguzi, ilitaja utaifa, kabila, mahali mtu atokapo, maoni ya siasa, rangi, dini na hali ya maisha. Neno jinsia halikuwamo. Liliongezwa na Bunge mwaka 2000, miaka kumi baada ya hukumu. Jaji Mwalusanya aliliziba pengo hilo kwa kutaja mikataba ya mataifa, ukiwamo ule wa kuondoa ubaguzi dhidi ya wanawake, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1985. Mhafidhina wa Marekani angeinuka kitini hapo hapo. Angesema: tazameni, Bunge halikuliandika neno, na jaji ameliandika mwenyewe kwa wino alioazima Umoja wa Mataifa.

Mimi naona angekosea, na kosa lake lingetokana na kutosoma Kiswahili. Ibara hiyohiyo, kabla haijafika kwenye orodha yoyote, yasema kwamba watu wote ni sawa mbele ya sheria. Watu wote. Lugha yetu haina mtu wa kiume na mtu wa kike. Katika sarufi, shangazi ni mtu kama mpwa alivyo mtu, na anayetaka kumtoa katika neno hilo ni yeye mwenye kuongeza maneno yasiyokuwamo. Hata kama wabunge wa mwaka 1984 hawakuwa wakiwafikiria wanawake wa Muleba walipopiga kura, walichopitisha ni neno, si mawazo yao. Mawazo ya wabunge huondoka nao wakienda nyumbani. Neno hubaki, na wananchi hutawaliwa nalo.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, wahafidhina wa Marekani wenyewe wamegawanyika bila kukiri. Mwaka 1971 kesi ya Reed dhidi ya Reed ilifika Mahakama ya Juu kutoka jimbo la Idaho. Wazazi wawili waliotengana walimpoteza mtoto wao wa kiume, na kila mmoja aliomba kusimamia mali yake, ambayo ilikuwa ndogo sana. Sheria ya Idaho ilisema kwamba wakilingana waombaji, mwanamume apewe kwanza. Majaji wote waliosikiliza waliikataa kanuni hiyo, na hukumu iliandikwa na Jaji Mkuu Burger, aliyeteuliwa na Rais Nixon, si mtu wa mapinduzi. Walitegemea yale maneno ya mwaka 1868 juu ya mtu yeyote. Scalia, mwaka 2011, alisema bado kwamba maneno hayo hayakatazi ubaguzi wa jinsia, kwa kuwa watu wa 1868 hawakuyaelewa hivyo, na kwamba anayetaka ukatazwe aende bungeni. Lakini neno lililoandikwa ni mtu, na mama wa Idaho alikuwa mtu. Anayesema jaji ashike maandiko, na ayashike yanapompeleka asikotaka.

Kwetu hoja ni nyepesi zaidi, maana Bunge lenyewe lilimwagiza jaji. Sheria namba 16 ya mwaka 1984 iliziamuru mahakama zizisome sheria zilizokuwapo kwa kuzirekebisha kadiri inavyohitajika ili zipatane na Katiba. Tena iliahirisha kwa miaka mitatu siku ya wananchi kuanza kudai haki hizo mahakamani, hadi Machi 1988, ili Serikali ipate nafasi ya kuzisafisha sheria zake. Miaka mitatu ikapita, na Tangazo la 1963 likabaki kama lilivyokuwa. Miezi mitano baada ya mlango kufunguliwa, mwanamke wa Muleba aliuza kibanja chake. Jaji hakuinyang'anya Serikali kazi. Aliikuta imeachwa njiani.

Liko jambo moja zaidi kuhusu mila hiyo ambalo watetezi wake husahau. Walioiandika kwanza kwa utaratibu walikuwa Hans Cory na Hartnoll, katika kitabu chao juu ya sheria za Wahaya kilichotolewa mwaka 1945; na Cory ndiye aliyekuja kufanya kazi kubwa ya kuzikusanya mila za makabila yanayofuata upande wa baba, kazi iliyozaa Tangazo la 1963. Sina neno baya juu ya kazi yao. Lakini mila ikiwa mdomoni mwa wazee huenda na wakati: baraza huketi, husikiliza, humwona mjane aliyekonda, huamua tofauti kidogo na jana. Ikitiwa katika Gazeti la Serikali hukauka. Basi kilichopigwa na jaji mwaka 1990 kilikuwa mila iliyozuiwa kukua kwa miaka 27, na ni nani awezaye kuapa kwamba wazee wenyewe, wangeachwa, wasingekuwa wamefika alikofika jaji? Mbona yule baba alimwandikia binti yake wosia?

Miaka ile haikuwa ya kawaida pia. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na baada yake vibanja vingi vilibaki na wajane na mabinti tu. Kanuni iliyotungwa kwa ajili ya nyumba zenye wanaume ilitumika katika nyumba zilizowazika wanaume wake.

Mhafidhina wa kweli anao mfano wake mzuri, nao ni wa hapahapa. Nyarubanja, utaratibu ule uliowafanya watu walime ardhi ya wakubwa na kuwalipa wao, ulikuwa mila pia, ulikuwa na watetezi wake, na uliondolewa na Bunge kwa sheria za mwaka 1965 na 1968. Hakuna jaji aliyehitajika. Wananchi waliona ubaya, wawakilishi wao wakaukata. Kadhalika Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba mila inayomnyima mwanamke haki ya ardhi haitakuwa na nguvu. Njia ya Bunge si ndoto. Tatizo lake ni kwamba haiendi isiposukumwa, na aliyeumizwa mara nyingi ndiye asiye na nguvu ya kusukuma. Lile swali la mtoto wa Mississippi latukuta hapa, ingawa si lote: mwanamke wa Muleba ana kura, ila katika kikao cha ukoo kinachogawa urithi, sauti yake huhesabiwa ya mwisho.

Ndiyo sababu siwezi kuusifu uamuzi wa mwaka 2006. Wajane wawili wa Shinyanga waliipinga mahakamani kanuni ileile ya mwaka 1963 iliyowanyima urithi wa waume zao. Majaji watatu wa Mahakama Kuu walikiri kwamba mila hiyo ni ya ubaguzi. Kisha wakakataa kuigusa, wakihofia kwamba wakianza na moja watafuatwa na mila za makabila yote. Mahakama ya Rufani nayo, mwaka 2010, iliitupa rufaa kwa dosari ya maandishi. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa ilitamka kwamba Tanzania imewakosea wajane hao. Watu wengine wauita uamuzi wa 2006 unyenyekevu wa mahakama, nao ungependeza wahafidhina wengi. Sikubali. Jaji mnyenyekevu husema: Katiba haikunipa uwezo huu. Hao walisema: uwezo tunao, ubaya twauona, lakini kazi ni kubwa. Tena Katiba yetu, ibara ya 30(5), ina njia ya upole isiyokuwamo katika maandiko ya Katiba ya Marekani: mahakama yaweza, badala ya kuifuta sheria, kuipa Serikali muda wa kuirekebisha. Wasiotaka kuvunja nyumba walipewa nyundo ndogo, wakaiacha sandukuni.

Yupo atakayeniambia kwamba nachagua majaji wanaonipendeza. Na anipime kwa shauri jingine, tena la jaji yuleyule. Mwaka 1994 Mwalusanya aliamua kwamba adhabu ya kifo yapingana na Katiba. Mwaka 1995 Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kunyonga ni ukatili, lakini ikasema kwamba haki ya kuishi imeandikwa kuwa ni kwa mujibu wa sheria, na kwamba ibara ya 30(2) yaiokoa adhabu hiyo. Jamii ikitaka iondoke, iiondoe yenyewe. Kanisa tangu mwaka 2018 limefundisha katika Katekisimu kwamba adhabu hiyo haikubaliki kabisa, nami naichukia kamba hiyo. Lakini nikiyasoma maandiko kama nilivyosoma neno mtu, nawaona majaji wa rufani wakiwa na maneno upande wao kuliko nilivyopenda. Wapo watakaobisha kwa kutaja katazo la adhabu za kinyama katika ibara ya 13, na ubishi wao si mdogo. Hata hivyo siwezi kudai kwamba neno limfunge jaji kwa kibanja na lisimfunge kwa kamba.

Hapo anayesema "liacheni Bunge liamue" anabaki na deni, nami ni mmoja wao. Nchini kwetu hakuna aliyenyongwa tangu mwaka 1994, lakini hukumu za kunyongwa ziliendelea kutolewa, na sisi tuliowataka majaji wasijitwalie kazi ya wabunge tulipeleka maombi mangapi kwa wabunge? Umri wa kuolewa ni hivyohivyo. Rebeca Gyumi alishinda Mahakama Kuu mwaka 2016, Serikali ikapewa mwaka mmoja wa kurekebisha, rufaa yake ikatupwa Oktoba 2019, na miaka minne baadaye vifungu vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 vinavyoruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 15 vilikuwa bado havijabadilishwa. Wamarekani waliodai kwa miaka 49 kwamba jambo lao lirudi kwa wananchi, walitembea kila Januari katika baridi ya Washington, wakapiga kura, wakaandika, wakashindwa, wakaanza tena. Mtu aweza kupinga hoja yao. Hawezi kusema kwamba waliisema wakaenda kulala.

Kwa upande wa kibanja, si lazima mtu angoje Dodoma wala Mwanza. Tangazo lilelile la mwaka 1963 linamruhusu baba kuandika wosia. Wosia wa mdomo wataka mashahidi wanne, wawili wa ukoo na wawili wasio wa ukoo. Ule wa maandishi, kwa anayejua kusoma na kuandika, hutosheka na wawili, mmoja wa ukoo na mmoja wa nje.